Mama Mtendaji Aliyeuliza Mara Tatu

Mkutano ukishafika mwisho, watu wanajipangusa vumbi makalioni, akina mama wanatafuta kandambili zao, yeye hainuki. Anakaa palepale kwenye kiti chake cha plastiki, kalamu mkononi, anatutazama mmoja mmoja kama mtu anayehakiki kuku wake kabla ya kufunga banda.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Kimya.

"Nauliza tena. Kuna mwenye pingamizi?"

Kimya. Mtu anakohoa.

"Mara ya mwisho, ndugu zangu. Kuna mwenye pingamizi?"

Hapo, nisikudanganye, mbuzi wangu dume alikuwa na tabia ya kupiga kelele, maana nyumba yangu na ofisi ya kata vimetenganishwa na ua wa mianzi tu, na ua wenyewe mbovu. Watu wanacheka. Yeye hacheki. "Mbuzi wa Babu ana pingamizi," anasema. "Wengine hawana." Anaandika, anapiga muhuri, anafunga mkoba. Ndiyo imekwisha hiyo. Hata ukimfuata na machozi, imekwisha.

Jina lake sitalitaja. Kata yenyewe nayo nitaiacha. Ukitoka Nachingwea mjini ukashika njia ya Kilimarondo, tupo huko katikati, inatosha. Alikuwa Afisa Mtendaji wa Kata, sisi tulimwita Mama Mtendaji. Kazaliwa wapi na kazaliwa na nani, hayo waulize ndugu zake. Mimi nilimkuta mtu mzima, na pikipiki, na buti za mvua alizovaa hata kiangazi kwa kuogopa nyoka.

Mimi niliishia darasa la nne, na kazi yangu inayojulikana, ukiacha mikorosho, ni kusimulia. Kwenye misiba mirefu wananiita niwachekeshe watu usiku upite. Kwa hiyo ukiona nazunguka, nivumilie. Yeye mwenyewe alikuwa akiniambia, "Babu, unazunguka." Namjibu, "Nazunguka, mama, lakini nafika." Anacheka hapo. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake.

Alfajiri alikuwa anasoma kwa sauti, Kiingereza, huku anatembea uani kwake, nyuma ya ofisi. Mara ya kwanza mke wangu kumsikia aliniamsha. "Mwenzangu, jirani anaumwa." Tukasikiliza. Anasema neno, anasimama, analisema tena kwa kubembeleza, kisha kwa ukali, kama mtu anayegombana na mume. Baada ya siku chache wakaja wanawake wa jumuiya na rozari zao, wamejipanga mlangoni kwake, wakasema wamesikia anasumbuliwa na wamekuja kumwombea. Akawaandalia chai kwanza. Kisha akawaambia, "Sisumbuliwi, dada zangu. Naomba chuo." Wakamwombea hivyohivyo, kwa sababu walikuwa wameshafika.

Alikuwa anaomba kwenda kusoma shahada ya pili chuo kikuu, ya utawala wa umma na sera. Na hilo, wewe unayesoma, ndilo ulikamate, maana mengine yote yananing'inia hapo. Kila mwaka dirisha la maombi linafunguliwa, linafungwa, yeye yuko nje. Mwaka mmoja mwalimu wake wa zamani aliyetakiwa kumdhamini hakupokea simu mpaka muda ukapita. Mwaka mwingine mnara wa simu ulikufa kwa mvua, naye akawa anapanda juu ya kile kichuguu kikubwa nyuma ya shule, kompyuta kifuani kama mtoto mchanga, anatafuta mtandao. Watoto wa shule wanamwimbia. Anapungia mkono, anaendelea kutafuta. Lakini jiwe lenyewe lilikuwa ruhusa ya mwajiri. Bila ruhusa huendi. Na ruhusa haipewi kwa mtu aliyebakiza miaka michache ya utumishi. Wanasema serikali haitafaidi. Kwa hiyo kila mwaka uliopita ulikuwa unamla.

Nilimuuliza, mama, wewe una cheo, una pikipiki, una kiti. Unatafuta nini tena?

"Babu, salfa ya mikorosho ilifika lini mwaka huu?"

"Maua yalipokuwa yameshaungua na ukungu wa ubwiri."

"Nani aliyepanga siku ya kuileta?"

"Serikali."

"Serikali ndiyo nani?"

"Si wewe hapo."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mimi ni mguu, Babu. Mguu hauulizwi unapenda kwenda wapi. Nataka nikasome kule wanakofundishwa kuwa kichwa."

Nikamwambia kichwa nacho kinauma. Akasema afadhali kinachouma kiwe chake.

Alikuwa mtu mwenye haki, lakini haki yake ilikuwa na mifupa. Mbuzi wangu yule alipotafuna kamba ya bendera, alimfungia ofisini mchana kutwa, akaandika "mbuzi yupo kizuizini," akaniita nijieleze mbele ya wazee wa kata. Nilijieleza. Na yeye mwenyewe, aliyekuwa mkali wa moto wa mashambani kuliko mtendaji yeyote niliyemwona, siku moja alichoma takataka, upepo ukachukua moto, ukateketeza choo cha ofisi na makuti yake yote. Unadhani alificha? Aliitisha mkutano. Akasimama upande wa washitakiwa, akatoa maelezo, akarudi upande wa mwandishi, akaandika: Mtendaji amechoma choo. Akauliza mara tatu kama kuna mwenye pingamizi. Mzee mmoja akasema, "Mama, sisi pingamizi hatuna, ila tunabanwa." Wiki ile aliwachimbia kingine, na jembe alishika mwenyewe.

Usemi wake mkubwa ulikuwa huu: "Kisichosemwa mkutanoni mimi sina." Anausema kama wengine wanavyosema amina. Alikuwa na sababu. Watendaji waliomtangulia waliandika wanachokitaka, wakaandika watu wamechangia wakati hawakuchangia, wamekubali wakati walikataa. Yeye akaapa kwamba kalamu yake haitatangulia mdomo wa mtu. Ukisema, ameandika. Usiposema, hakukuwa na kitu.

Kuna mjane mmoja shemeji yake alimmega shamba. Kwenye mkutano shemeji alisema, mjane akanyamaza, si unajua, mwanamke mfiwa kubishana na ndugu wa mume mbele za watu. Jioni akaja ofisini analia. Nilisikia kupitia mianzi.

"Ulikuwepo?" Mama Mtendaji akamuuliza.

"Nilikuwepo."

"Nimeuliza mara ngapi?"

Mjane anapenga kamasi.

"Dada yangu, mimi ningeandika nini? Machozi?"

Shamba lilikwenda. Kesho yake nikamwona Mama Mtendaji anampelekea yule mjane unga na mafuta, na akawa anampelekea tangu hapo. Lakini muhtasari hakuugusa. Mke wangu alimchukia kwa jambo hilo. Mimi nilishindwa kumchukia na nilishindwa kumtetea.

Sasa wafugaji. Hao walikuja kutoka kanda ya ziwa, wanafuata nyasi, wakakaa upande wa juu wa kata na ng'ombe wengi kuliko tulivyowahi kuona. Sisi hatukuwa watu wa ng'ombe. Ng'ombe mmoja kwetu ni habari. Akashuka kwenda mtoni kunywa maji, akapita kwenye ufuta wa mtu, mbaazi za mtu, basi ni mishale na marungu. Walikatwa ng'ombe, walipigwa wachungaji, na mtu wetu mmoja alipasuliwa kichwa mpaka leo anasahau majina ya watoto wake. Wakubwa wa mjini wakamwambia Mama Mtendaji: ruhusa unayoitaka tutakupa, lakini kata utuachie imetulia. Ilikuwa sawa na kumwambia apande mlima huku amebeba nyumba. Akakubali.

Kwa wafugaji kulikuwa na mzee mmoja, Mzee wa Ng'ombe tulimwita, mrefu, kofia haivuliwi, blanketi begani hata jua likiwa la kuchoma. Alikuwa anamletea maziwa kwenye dumu la manjano. Anamwita Mayu, yaani mama kwa lugha yao.

"Mayu, kunywa, ujue ng'ombe ni mtu mwema."

"Mwema gani, jana kala mbaazi za watu."

"Alikuwa na kiu. Mbaazi zilimkuta njiani."

"Zilimkuta yeye au yeye alizikuta?"

"Mayu, wewe umesoma. Niwekee njia ya ng'ombe wangu. Ukiniwekea njia, atakayetoka nje ya njia nitamchinja mwenyewe, nyama mle ninyi."

Na ndilo alilolifanya. Njia ya mifugo, kutoka malishoni mpaka mtoni, pana kiasi cha kupita kundi, miti ya pembeni inapakwa rangi nyekundu. Akaizunguka kata yote kwa miguu na wazee wawili watatu, wajumbe, Mzee wa Ng'ombe na fimbo yake. Wakipita kwenye shamba la mtu wanakwepa, wanaelewana. Wakafika penye kichaka kimoja, kinene, karibu na kijito kinachokauka. Wale wazee wetu wakapinda. Hawakusema kitu, walipinda tu, wakazunguka mbali.

"Mbona tunazunguka?" akauliza Mama Mtendaji.

Mzee mmoja akajibu, "Kuna siafu."

Wengine wakaitikia. Eee, siafu. Wabaya. Siafu wa pale si wa mchezo.

Akaingia na buti zake. Akatoka. "Sijaona siafu hata mmoja. Na hapa hakuna shamba, hakuna kaburi, hakuna nyumba. Kwa nini ng'ombe wazunguke kwenye mbaazi za watu?" Akainyoosha njia, akapaka rangi.

Wewe wa mbali nitakuambia, kwa sababu sikuoni usoni. Ni pale watoto wetu wa kiume wanapoingizwa likizo ya mwezi wa sita, wanakaa siku zao na watu wazima wao, wanatoka wakubwa. Zikiisha siku zao vibanda vinachomwa, majani yanaota, mtu akipita anaona kichaka. Mwanamke hapasogelei, mgeni hapasogelei, na mwanamume aliyepita pale hapataji mbele yao. Hataji hata njia ya kwenda. Nimesema hapo, siongezi.

Kwa nini hawakumwita mwenyekiti wa kijiji pembeni, mwanamume mwenzao? Swali zuri. Mwenyekiti wetu ni mtu wa parokiani, alitahiriwa mdogo hospitalini kwa masista. Kwa mambo yale yeye ni sawa na mama tu. Kila mzee akafikiri mwingine atatafuta namna. Wengine wakasema rangi ni rangi, mvua itaiosha.

Ukaitishwa mkutano mkubwa, wakulima huku, wafugaji kule, wakubwa wa mjini wamekaa mbele na maji ya chupa. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimelazwa hospitali ya misheni na mguu, huu wa kushoto, ulivimba kama mti wa mbuyu, na nilitoka miezi kadhaa baadaye. Lakini mkutano ule nimesimuliwa mpaka naweza kuuchora. Akaisoma njia mti kwa mti. Alipofika kile kichaka akasema, "Hapa wazee waliniambia kuna siafu. Kama kuna lingine, semeni sasa, kalamu ipo." Yule mzee aliyejibu siafu, Mzee wa Siafu nitamwita, alikuwa mstari wa mbele, ameegemeza kidevu kwenye mkongojo. Mama Mtendaji akauliza mara tatu. Akina mama wapo, wageni wapo, mwenyekiti wa parokiani yupo. Nani aseme? Hata mbuzi wangu siku hiyo alinyamaza, wanasema, ingawa hilo nadhani wameongeza kunipendeza.

Akaandika: wamekubali kwa kauli moja. Watu wakapiga makofi. Mzee wa Ng'ombe akatoa dume, likachinjwa, wakala pamoja watu waliokuwa wamepasuana vichwa.

Mimi kitandani kule niliposikia, nilitukana. Nikasema wazee wazima wamejazana pale na midomo yao, hakuna hata mmoja wa kutafuta neno. Ningekuwepo ningesema. Nilisema hivyo hospitalini, nikasema kilabuni nilipotoka, nikasema misibani, nimesema miaka yote. Mimi mtu wa maneno, nisingekosa neno. Ningekuwepo.

Maombi ya chuo yalikuwa na sehemu moja ya insha, ueleze tatizo la wananchi ulilolishughulikia na ulivyolimaliza. Miaka yote alikuwa anaandika mambo ya madawati na vyoo. Safari ile akaandika njia ya ng'ombe. Alinisomea uani, ananitafsiria sentensi kwa sentensi, mimi na mguu wangu juu ya kigoda. Ilikuwa tamu. Ungesema ni kata nyingine, ya watu wenye akili kuliko sisi. Wazee wanakubaliana, wageni wanapokelewa, Mtendaji anasikiliza. Nikamwambia, "Mama, hii watakupa." Wakampa. Barua ikaja, na ruhusa ikaja. Alinunua begi jekundu lenye magurudumu, magurudumu ambayo kwenye mchanga wetu hayakuzunguka hata mara moja, akaliweka barazani watu walione. Mwezi wa kumi anaondoka.

Mwezi wa sita ukatangulia.

Hapa nilitaka nikuambie kwanza habari ya ufuta wa mwaka ule, jinsi ulivyokataa. Basi. Sizunguki.

Mzee wa Ng'ombe alishuka na kundi lake mchana, anafuata miti yenye rangi, kama walivyokubaliana. Hakutoka nje ya njia hata hatua. Ng'ombe wa mbele wakaingia kwenye kile kichaka, na vibanda vilikuwa vimeshajengwa na watoto wamo. Wanaume waliokuwa wanalinda wakatoka na mapanga, wakakata ng'ombe miguu ya nyuma. Mzee alisikia wanyama wake wanavyolia. Akaingia kuwafuata. Kofia yake ilikutwa ndani. Yeye alikutwa amebebwa mpaka nje, amewekwa chini ya mti wenye rangi, kwa sababu mgeni hapaswi kufia pale ndani. Walimpakia kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma amemshikilia, waende hospitali. Mama Mtendaji ndiye aliyekuwa anaendesha. Mzee alikata roho kabla ya kufika barabara kubwa. Aliyekuwa amemshikilia anasema Mama Mtendaji aliambiwa, "Mama, ameshakwenda," naye hakusimama. Aliendelea kuendesha mpaka hospitalini, akamshusha kama mgonjwa.

Polisi walikuja. Kwa nini mmempiga? Ng'ombe walikula mazao. Mazao gani, hapa kichakani? Kimya. Mahakamani vilevile. Hakimu aliuliza kwa upole, kisha kwa ukali. Hakuna aliyetamka. Muhtasari wa Mama Mtendaji ukasomwa: njia imekubaliwa kwa kauli moja, imeulizwa mara tatu, pingamizi hakuna. Basi waliomvamia yule mzee walimvamia kwenye njia waliyoikubali wenyewe. Kalamu yake ndiyo iliyowafunga. Mmoja wa waliokwenda jela ni mtoto wa mwisho wa Mzee wa Siafu, kijana aliyekuwa hajafikisha hata mwaka kwenye ndoa. Mzee mwenyewe hakumaliza masika yaliyofuata.

Mama Mtendaji alitakiwa abaki kwa ajili ya kesi. Mwezi wa kumi ukapita. Chuo kikasema nafasi haingoji, aombe upya. Begi jekundu likaendelea kukaa barazani, kuku wangu akalitagia. Na watu wakaacha kumwamkia. Si kwamba walimtukana. Angalau matusi mtu anajibu. Wakimwona wanakuwa na shughuli. Mama wa yule kijana aliyefungwa alikuwa anapita mbele ya ofisi kila asubuhi, anasimama, anaitazama ile ofisi, anaondoka. Wafugaji nao wengi walihama. Mke wa Mzee wa Ng'ombe, siku ya kuondoka, alileta dumu la manjano, tupu, akaliweka mlangoni kwa Mama Mtendaji bila kugonga hodi. Mwisho akahamishiwa Ruangwa, ofisini. Aliniaga kupitia mianzi. "Babu, mbuzi wako mfunge." Basi.

Miaka ikapita. Mwaka huu, ufuta ulipokwisha kuuzwa, nilikwenda Likunja kumwona binti yangu aliyeolewa huko. Kurudi nikashuka Ruangwa mjini, nikaingia steshenari nitoe kopi ya kadi yangu ya kliniki. Dada wa steshenari yuko kwenye mashine. Kwenye kona, kiti cha plastiki, mama ameinamia kompyuta. Mvi zimemwingia pembeni. Buti hakuvaa.

"Shikamoo, Babu," akasema bila kugeuka. Alinijua kwa kikohozi.

"Marahaba, mama. Ni wewe?"

"Ni mimi niliyebaki. Mbuzi je?"

"Tulimla Krismasi."

"Alikuwa na pingamizi?"

"Sana."

Tukacheka, kisha tukaona haya kwa kucheka. Akanivutia stuli. Akanieleza kwamba dirisha linafungwa leo hii jioni. Ruhusa amepata, ya mwisho, mwakani miaka yake ya utumishi iliyobaki haitatosha. Vyeti vimepanda mtandaoni, wadhamini wamejibu. Imebaki insha. Na anazo mbili.

"Hii ya kwanza unaifahamu. Wananchi walikubaliana kwa kauli moja. Imeishia kwenye ule mkutano, pale watu wanakula nyama. Ndiyo iliyonipa nafasi mara ile. Wenzangu ofisini wananiambia nitume hiyo, nani atajua?"

"Na ya pili?"

Akanisomea, kwa Kiswahili, taratibu. Kwamba aliuliza mara tatu, watu wakanyamaza, yeye akaandika wamekubali. Kwamba mtu alikufa chini ya mti alioupaka rangi kwa mkono wake. Kwamba kosa halikuwa la kalamu wala la njia, lilikuwa la kudhani kimya kina maana moja. Mimi si msomi, lakini ile ya kwanza ilikuwa tamu na hii ilikuwa ya kweli, na hata aliyeishia darasa la nne anaisikia tofauti. Akafika mahali akasimama.

"Hapa pananikwamisha, Babu. Kwa nini walinyamaza? Insha nzima iko hapa. Bila hapa, ni mwanamke tu anayelia."

"Lakini mama, si unajua."

"Sasa najua. Nimezaa mtoto wa kiume, baada ya yale nitakosaje kujua? Kila mwanamke wa huku anajua. Lakini sijaambiwa. Polisi hamkuwaambia, hakimu hamkumwambia. Niliapa kalamu yangu haitatangulia mdomo wa mtu. Nimewafunga vijana wenu kwa kiapo hicho, leo nikivunje kwa ajili ya chuo?" Akanigeukia kabisa. "Nimekuwa nikimwomba Mungu anikutanishe na mzee mmoja tu wa kule. Jina siandiki. Aseme sentensi moja. Pale palikuwa na nini?"

Nikamwambia habari za mguu. Kwamba sasa unanisumbua zaidi wakati wa baridi. Nikamwambia barabara ya Likunja, na bei ya korosho walivyoitangaza redioni, na mjukuu wangu anayefanana na mke wangu mpaka mwendo.

"Babu, unazunguka."

"Nazunguka, mama."

"Lakini huwa unafika."

Mashine ya kopi ilikuwa imenyamaza. Dada wa steshenari alikuwa amesimama na kadi yangu mkononi, ananitazama. Wanawake wawili, mchana kweupe, wananitazama mdomoni. Nilimwona Mzee wa Siafu na kidevu chake kwenye mkongojo. Nilijiona nilivyokuwa mdogo, siku ninatolewa pale nimepakwa mafuta, na baba yangu akiniambia neno moja sikioni ambalo sijalitoa mpaka leo. Nikajisikia mwenyewe kilabuni, ningekuwepo, ningekuwepo.

"Kulikuwa na siafu, mama," nikasema.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliifunga ile ya pili, akaifungua ile ya zamani, ile ya nyama. Akajiweka sawa kwenye kiti, mgongo umenyooka, kama enzi zile uwanjani kwetu.

"Kuna mwenye pingamizi?" akasema.

Nikatazama kopi ya mtu mwingine iliyoanguka sakafuni.

"Nauliza tena. Kuna mwenye pingamizi?"

Pikipiki ikapita nje, ikaenda zake.

"Mara ya mwisho, Babu. Kuna mwenye pingamizi?"

Safari hii hata mbuzi hakuwepo.

"Hakuna," akasema, akabonyeza, ikaenda.